Jina na Jani

Mtu anunuapo papai sokoni hulibonyeza, hulinusa, na akipenda humwomba muuzaji alikate. Anunuapo mkebe wa tumbaku ya kiko uliotoka ng'ambo hafanyi hata moja katika hayo. Mkebe umefungwa na hewa imenyonywa. Kuufungua ili kuujaribu ni kuuharibu. Anacholipia kwanza si tumbaku, bali ni maandishi yaliyo juu ya kifuniko: jina la mchanganyiko, jina la nyumba iliyouchanganya, na pengine mstari mmoja unaotaja majani yaliyotiwa ndani. Waswahili wana msemo wao kwa biashara ya namna hii, nao ni kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Tofauti ni kwamba mwenye gunia sokoni ana uso unaojulikana, na kesho aweza kutafutwa. Mwenye mkebe yuko Kendal katika Uingereza, au katika kisiwa cha Jersey, au Assens katika Denmark, na huenda akawa amekwisha kufa kabla mkebe wake haujafunguliwa.

Hilo la mwisho si mzaha. Tumbaku ya kiko, hasa iliyotengenezwa kwa majani ya Virginia, huendelea kugeuka ndani ya mkebe. Ukali hupungua, rangi huwa nyeusi zaidi, na harufu ya nyasi kavu huelekea kwenye harufu ya matunda yaliyokaushwa. Kwa sababu hiyo wavutaji wengi hununua leo ili wavute baada ya miaka mitano au kumi, na wako wanaongoja ishirini. Fedha hulipwa siku ya kwanza. Ushahidi juu ya uzuri wa kitu huja muda mrefu baadaye, wakati risiti imekwisha kupotea na duka lenyewe pengine limekwisha kugeuka kinyozi. Swali linalozaliwa hapa ni la zamani kuliko tumbaku: mtu anawiwa uaminifu gani na mtu asiyemwona, katika jambo ambalo hawezi kuligundua mpaka wakati wa kudai haki yake umepita?

Kabla ya kulijibu, kuna pingamizi lisiloweza kupitwa kimya. Tumbaku hudhuru. Jambo hilo lilisemwa wazi na Chuo cha Kifalme cha Matabibu mjini London mwaka 1962, likasemwa tena na mganga mkuu wa serikali ya Marekani Januari 1964, na mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya tumbaku ulianza kutumika mwaka 2005. Moshi wa kiko, hata usiposhushwa mapafuni, haumwachi mvutaji salama: mdomo, ulimi na koo hupata sehemu yao. Basi mtu aweza kusema ya kuwa hakuna haki wala dhuluma katika biashara ya kitu kidhuru, na kwamba mvutaji anayelalamika juu ya ubora ni kama mlevi anayelalamika juu ya utamu wa gongo.

Hoja hii ina sura nzuri, lakini miguu yake ni mibovu. Mwuza chumvi akidanganya, mlaji hupata mchuzi usiokolea. Mwuza kitu cha hatari akidanganya, mnunuzi ambaye amekubali kubeba hatari moja aijuayo hubebeshwa na nyingine asiyoijua. Wajibu wa kusema kweli haupungui kwa ubaya wa kitu kinachouzwa, huzidi. Hata mtu anayetamani tumbaku ikome duniani, akiulizwa vema, atataka ikome kwa watu kuijua ilivyo, si kwa watu kudanganywa juu yake.

Lawama inayotolewa mara nyingi juu ya watengenezaji ni kwamba wamebadili mapishi. Aghalabu ni kweli kwamba wamebadili, na aghalabu si kosa. Jani la tumbaku ni zao la shamba. Mvua ya mwaka huu si mvua ya mwaka jana. Mkulima mmoja amekufa na mwanawe hapendi jembe. Bani moja limeungua. Kama mchanganyaji angefuata karatasi ya mapishi neno kwa neno, sehemu tatu za jani hili na moja ya jani lile, angepata kila mwaka tumbaku nyingine. Ili ladha ikae pale ilipokuwa, yampasa abadili vipimo. Mpishi wa pilau hulijua jambo hili bila ya kuwa mwanafalsafa: bizari iliyokaa mwaka huzidishwa, iliyosagwa asubuhi hupunguzwa, na wageni husema pilau ni ileile. Uaminifu wa mchanganyaji, basi, hauko katika karatasi. Uko katika ulimi wa mtu mwingine, naye hana njia ya kuufikia isipokuwa kwa kuukumbuka ulimi wake mwenyewe.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, maana aliyeruhusiwa kubadili kidogo ili asibadili, nani atamwambia wapi asimame?

Plutarch ameandika juu ya merikebu ya Theseus iliyohifadhiwa Athens, ambayo mbao zake zilizooza zilitolewa na kutiwa nyingine, hata wanafalsafa wakabishana kama ni ileile au siyo. Fundi wa majahazi wa Lamu hangepoteza usiku wake juu ya swali hilo. Jahazi kwake ni kazi ya kupita maji na kubeba mizigo. Ubao ukitoka na mwingine ukaingia, kazi haikutoka, na jina lililoandikwa ubavuni lina haki ya kubaki. Lakini tumbaku haina kazi nje ya ubao wake. Hakuna bandari ambayo mvutaji anapelekwa, ila harufu na ladha ya jani lenyewe liunguapo. Katika kitu cha namna hiyo, kubadili ubao ni kubadili safari. Kwa hiyo mfano wa merikebu, ambao hupendwa sana na wale wanaotetea jina lisibadilike, huwasaidia wauzaji wa majahazi kuliko wauzaji wa tumbaku.

Jani la Latakia laweza kuwa shahidi. Limepata jina kutoka bandari ya Syria, nchi ambayo watu wa pwani waliijua zamani kwa jina la Shamu. Husimuliwa ya kuwa mwaka mmoja wakulima walivuna kupita mahitaji, wakayatundika majani yaliyobaki darini, na moshi wa mioto ya baridi ukayafanya meusi na kuyatia harufu ambayo hakuna aliyeitafuta. Kama kisa ni kweli au kimetiwa chumvi si muhimu. Kazi iliyofuata ni ya hakika. Majani yalianikwa, yakatundikwa katika mabanda, na kufukizwa kwa moshi wa miti na vichaka vya milimani kwa muda mrefu mpaka yakawa meusi kama lami. Baadaye kazi ileile ikashika katika kisiwa cha Kipro, lakini kwa mbegu nyingine ya tumbaku na kuni za vichaka vingine. Wajuzi waliweza kutofautisha: la Syria lilikuwa pole na lenye uchachu wa mbali kama wa divai, la Kipro zito zaidi, lenye harufu ya ngozi na uvumba. Mwanzoni mwa karne hii ya 21 jani la Syria liliadimika, kisha likatoweka katika mikebe.

Sababu inayotajwa mara nyingi ya kufifia kwa kazi hiyo Syria ni misitu. Banda la kufukiza hula kuni nyingi, na milima haikuweza kulisha moto daima. Hapa mlalamikaji mwenye insafu hana budi kunyamaza kidogo. Anaposema kwamba amenyimwa jani lake, analolilia ni haki ya kuona mlima ukichomwa ili kiko chake kiwe na harufu. Uhaba huu haukuwa hila ya mfanyabiashara. Ulikuwa hesabu iliyofika mwisho. Wako watu wanaochukulia kila upungufu kuwa ni uonevu. Pengine upungufu ndio haki yenyewe, imekuja kwa kuchelewa.

Lakini baada ya jani kwisha, jina lilibaki na lake la kujibu. Mchanganyaji ambaye mkebe wake ulisifiwa kwa jani la Syria alikuwa na njia tatu. Aliweza kuacha kuutengeneza. Aliweza kutia jani la Kipro na kuandika hivyo juu ya kifuniko. Aliweza kutia jani la Kipro na kuandika neno "Latakia" tu, ambalo si uongo, maana Latakia ya Kipro nayo ni Latakia. Njia hii ya tatu ndiyo inayostahili kutazamwa, kwa kuwa hakuna hakimu atakayeweza kumhukumu aliyeipita. Kila neno ni kweli, na anayesoma amedanganyika. Neno lililochaguliwa kwa kuwa msomaji atalielewa vibaya limeacha kuwa neno la kweli, hata kama kamusi inalitetea. Mtu aweza kujipima kwa urahisi: kama badiliko si kitu, kwa nini lisiandikwe? Na kama ni kitu, kwa nini limefichwa?

Mfano wa pili hauhukumiki kwa wepesi huo. Katika wilaya ya St. James, jimbo la Louisiana, kando ya mto Mississippi, hutengenezwa tumbaku iitwayo Perique. Majani yakisha kunyauka na kuondolewa mishipa hushindiliwa katika mapipa na kugandamizwa kwa jeki ya parafujo hata maji yake yakatoka na kuchacha. Baada ya miezi hutolewa, hupigwa na hewa, hupinduliwa na kurudishwa chini ya mgandamizo, mara kadhaa, mpaka mwaka upite. Kinachotoka ni kitu cheusi chenye harufu ya zambarau zilizooza na pilipili, kikali mno kuvutwa peke yake. Hutiwa kidogo tu katika Virginia, kama ndimu katika mchuzi. Ardhi inayolima tumbaku hii ni ndogo sana, na kufikia mwisho wa karne ya 20 wakulima wake walikuwa wamebaki wachache wa kuhesabika. Ili mapipa yasikae matupu, majani yaliyolimwa Kentucky yaliletwa na kugandamizwa kwa mikono ileile, katika mapipa yaleyale, kwa muda uleule, kisha yakachanganywa na ya nyumbani.

Je, hiyo ni Perique? Anayesema siyo atauliza juu ya udongo. Anayesema ndiyo atauliza juu ya kazi. Wote wawili wana haki, kwa kuwa jina la kitu kama hiki limebeba ahadi mbili bila ya kuzitenganisha, na hazikuhitaji kutenganishwa maadamu udongo na kazi vilikaa mahali pamoja. Uhaba ndio uliozipasua. Watu huishi muda mrefu ndani ya majina yao bila ya kujua yana vyumba vingapi, mpaka chumba kimoja kibomoke. Mwenye pipa hapaswi kulaumiwa kama mwenye mkebe wa Latakia. Yeye aliokoa ufundi usife ili siku moja udongo urudie kulimwa, na kwa hakika katika karne hii kilimo kilipata nguvu mpya huko. Kama angesimama juu ya usafi wa jina, huenda jina lingebaki safi kaburini.

Yaliyotokea katika viwanda vya Ulaya na Marekani yamelipindua swali hili pande zote. Alfred Dunhill alifungua duka lake katika mtaa wa Duke, London, mwaka 1907, akiwachanganyia wateja tumbaku kwa matakwa yao. Baadaye mikebe yenye jina hilo ilitengenezwa Belfast, na kiwanda cha huko kilipofungwa mwaka 2005 kazi ikahamia Denmark. Mwaka 2018 jina likaondolewa katika tumbaku za kiko kabisa. Muda mfupi baadaye michanganyiko ileile ikarudi sokoni kwa jina la Peterson. Hapo jina lilikwenda na jani likabaki. Balkan Sobranie ya London ikawa kinyume chake: ilitoweka kwa miaka, na mwaka 2011 jina likarudi juu ya mkebe uliochanganywa Jersey. Hapo jina lilibaki na mikono ikawa mingine. Mwaka huohuo wa 2018 nyumba ya McClelland, katika Kansas City, ikafunga milango, na katika habari yake jina na jani vilikwisha siku moja.

Ajabu ni kwamba wavutaji waliwaombolezea waliobadilika jina kwa uchungu uleule waliowaombolezea waliokufa. Mtu aliyevuta mkebe wa jina jipya, wenye jani lilelile la Assens, aliapa kwamba ladha imepungua. Si lazima awe mwongo. Ulimi hauonji peke yake. Huonja pamoja na macho yaliyosoma kifuniko, na pamoja na kumbukumbu ya baba aliyevuta tumbaku hiyo barazani. Lakini kama ndivyo, basi mnunuzi naye ana sehemu yake katika udanganyifu unaomkera. Amemfundisha mfanyabiashara kwamba jina hulipwa zaidi kuliko jani, na mfanyabiashara ni mwanafunzi mwepesi.

Sehemu hiyo ya mnunuzi huonekana wazi zaidi wakati wa uhaba. Nyumba ndogo za Jersey na Kendal hutengeneza kwa kiasi cha mikono yao. Kendal imekuwa ikisaga ugoro na kukata tumbaku tangu mwaka 1792, na mwaka 2015 nyumba mbili za ukoo mmoja zilizokuwa zimetengana huko ziliungana tena. Mzigo wao ukifika Marekani, baadhi ya mikebe huisha madukani kabla ya adhuhuri. Anayepata kumi havuti kumi. Huvuta mmoja, huweka wanne, na watano huuza baadaye kwa bei ya mara tatu kwa yule aliyechelewa. Akiulizwa, husema hakumwibia mtu.

Wanazuoni wa fiqhi wamelijadili jambo la namna hii chini ya jina la ihtikari, yaani kuzuia bidhaa ili ipande bei. Wengi waliweka marufuku hayo juu ya chakula cha watu, kwa sababu njaa haingoji. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliyapanua hata yakafika katika kila kitu ambacho kuzuiliwa kwake huwadhuru watu. Mlanguzi wa mikebe atafurahi kukimbilia kwa wale wengi: tumbaku si chakula, wala hakuna aliyekufa kwa kukosa Latakia. Na ni kweli kwamba hakuna dhuluma ya njaa hapa. Lakini ipo hasara nyingine isiyosemwa. Mtengenezaji akiona rafu zinafagiliwa kwa saa moja, hana tena mtu wa kumwambia kwamba mzigo huu haukuwa mzuri. Mikebe imelala kabatini, haikuonjwa. Anayehodhi humnyima jirani yake tumbaku, na humnyima fundi lawama yake, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimweka njiani.

Na lawama hiyo ina kazi nyingi ya kufanya. Ziko tumbaku zinazofika na maji mengi kiasi kwamba haziwashiki bila ya kuanikwa kwanza, na mnunuzi aliyelipa gramu 50 hujiuliza ni gramu ngapi kati ya hizo zilizopaa dirishani. Mtengenezaji hujibu kwamba unyevu huzuia jani lisivunjike na husaidia ladha kuiva, na jibu hilo ni kweli kwa kiasi fulani. Ni kwa bahati njema tu kwamba maji ni rahisi kuliko tumbaku. Iko mikebe ambayo kutu imekula mshono wake na hewa ikaingia. Ziko tumbaku zilizofunguliwa baada ya miaka zikiwa na weupe juu yake, na hapo watu hugombana: ni ukungu, au ni chembechembe ambazo jani zuri huzitoa likizeeka? Ukungu una manyoya na harufu ya pishoni. Chembe hung'aa kama chumvi na hazina harufu. Asiyejua hutupa kilicho bora au huvuta kilichooza, na katika yote mawili hamwandikii fundi barua.

Sheria za serikali hazikuachwa nyuma. Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza, aliyeichukia tumbaku hata akaitungia kitabu, alipandisha ushuru wake mwaka 1604 kutoka peni mbili kwa ratili hadi shilingi sita na peni kumi, na tangu hapo hapana hazina iliyosahau njia ile. Marekani iliitia tumbaku ya kiko chini ya idara yake ya chakula na dawa mwezi Agosti 2016, ikataka michanganyiko mipya ipimwe kabla ya kuuzwa. Nyumba kubwa zina mawakili wa kujaza karatasi. Nyumba yenye watu wachache ina muda wa kuchanganya tumbaku tu. Sheria iliyokusudiwa kumlinda mtu na moshi yaweza kuwaacha sokoni wale tu wenye uwezo wa kuulipia.

Hayo yote hutazamwa kutoka upande wa mkebe. Lakini kuna mtu wa kwanza katika mnyororo huu ambaye hatajwi juu ya kifuniko. Kamba nyeusi za Kendal zimekuwa zikitiwa tumbaku ya moshi iliyolimwa Malawi. Na ng'ambo ya ziwa, Songea, wakulima wa tumbaku ya moshi walikuwa na chama chao cha ushirika, cha Wangoni na Wamatengo, tangu mwaka 1936. Mkulima huyu hukata kuni, hulala katika bani akichunga moto usizidi wala usizime, hupanga majani kwa daraja, huyafunga katika mtumba, na kuupeleka sokoni. Huko mteuzi huja. Mtumba hufunguliwa. Mkono hupenya hadi katikati, kwa sababu hapo ndipo jani bovu hufichwa na mtu anayetaka kulipwa kwa jani zuri, na likionekana hapo mtumba mzima hushushwa daraja au hurudishwa nyumbani kichwani.

Hapana anayelalamika juu ya desturi hiyo, wala haifai kulalamikiwa. Ni haki mnunuzi ajue anunuacho. Ila mtumba uleule ukisha kuvuka bahari, ukakatwa, ukachanganywa na mingine na kutiwa katika mkebe wa gramu 50 wenye picha ya merikebu, mkono hauruhusiwi tena kupenya. Kuanzia hapo neno la mwenye mkebe hutosha. Neno la mkulima, aliyesimama pale pale kando ya mzigo wake na jasho lake likiwa halijakauka, halikutosha. Na mteuzi akiondoa mkono wake katikati ya mtumba huupangusa kwa kitambaa, huandika daraja katika karatasi, na kuita jina linalofuata.